Taa Isiyokeshwa

Umeme wa mji wa Uvira ulikuwa umekatika kwa siku ya tatu, na bado taa moja dukani ilikuwa imejaa chaji.

Dalila aliiona asubuhi, alipofungua mlango na kuvuta cherehani yake karibu na kizingiti, penye mwanga. Nyuma ya meza ya mumewe kulikuwa na misumari, na kwenye misumari zilining'inia taa za kuvaa kichwani. Kumi zilikuwa kimya. Ya kumi na moja, ile ya mwisho karibu na dirisha, ilikuwa ikionyesha kile kijitaa cha kijani kinachowaka betri ikijaa. Haikuwa na waya. Na jana jioni, alipofunga duka, taa zilikuwa kumi.

Aliishika. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichovuliwa kichwani mwa mtu sasa hivi. Mkanda wake ulikuwa umeshika udongo mwekundu, na ulinuka maziwa yaliyochacha na moshi wa samadi. Kando ya kifungo palikuwa na uzi mweupe, umefungwa fundo mbili. Uzi huo aliujua. Ulitoka kwenye cherehani yake.

"Papa Kasongo," aliita, "ni weye ulitundika hii?"

Kasongo, mumewe, alitoka chumba cha nyuma akiwa na mswaki mdomoni. Aliitazama ile taa, kisha akautazama uzi, na mswaki ukasimama.

"Minye? Hapana." Aliichukua haraka, akaitia mfukoni. "Itakuwa ya mteja. Aliisahau."

"Mteja aliingia wapi? Mlango ulikuwa umefungwa."

"Dalila, shona nguo zako."

Hakuwa na desturi ya kumjibu hivyo. Kasongo alikuwa mtu wa maneno matamu, na maneno hayo ndiyo yaliyojaza duka lake. Wateja wake wengi walikuwa watu wa mlimani: wachungaji wa nyanda za juu, kina mama wanaobeba sabuni na chumvi, walimu wanaorudi shuleni kwao. Mlima umesimama nyuma ya mji kama ukuta, na jua likishatoka mawe ya njia yanachoma nyayo, kwa hiyo watu hupanda usiku, kwenye ubaridi. Mtu anayepanda usiku anahitaji mikono yake yote miwili. Ndiyo sababu taa inakaa kichwani.

Mama mmoja angeingia na kusema, "Papa Kasongo, nataka ile inamulika mpaka Burundi."

Naye angecheka. "Mama, unaenda kumulika Burundi ama miguu yako? Usiangalie namba kubwa ya kwenye boksi. Mwanga mukali unakula betri. Utembee na mwanga mudogo, ule mukali uuweke kwa pahali pabaya. Ona huu mwekundu, hausumbue macho ya ng'ombe. Huko juu kukiwa baridi, uiweke mu kwapa mbele ya kuivaa, betri inapenda joto. Na ukikutana na muntu mu njia, uinamishe torshi kwa miguu yake. Usimumulike mu uso, atakutukana na mama yako pia."

Yote hayo yalikuwa kweli. Alifundishwa na baba yake, marehemu Mzee Songoro, aliyefungua duka hilo enzi za taa za chemli. Lakini Mzee Songoro alikuwa na jambo moja zaidi. Hakuuza taa yoyote kwa mtu wa mlimani kabla ya kuikesha. Baada ya sala ya isha aliiwasha, akaiweka dirishani, akaketi mbele yake na tasbihi. Ikizima usiku, aliitupa. Ikiwa bado inawaka alfajiri, aliifunga uzi mweupe kwenye mkanda. Na mnunuzi alipouliza, "Mumeikesha?" mzee aligeuza uso kuuelekea mlima, akasema, "Wallahi nimeikesha, na wenye njia wasikie."

Wenye njia ni wale wasiotajwa kwa jina. Watu wa kandokando ya ziwa wanajua wanakaa wapi: kwenye mawe makubwa, kwenye vijito, mahali ambapo mbwa hukataa kupita.

Adhuhuri Kasongo alipanda pikipiki mpaka bandarini Kalundu, na pale alipofikiri haonekani, akaitupa ile taa ziwani. Asubuhi iliyofuata ilikuwa kwenye msumari wake. Ilikuwa kavu, ina joto, na kijitaa chake ni cha kijani.

Jioni ya siku hiyo ndipo macho ya Dalila yalipozimika.

Alikuwa akimalizia kola ya shati. Adhana ya magharibi ilikuwa imetoka msikitini, na jua lilikuwa limejificha nyuma ya mlima. Kwanza kitambaa kilikuwa cheupe kupita kiasi. Kisha kikawa cha manjano. Kisha kila kitu kikapepesa mara mbili, pa, pa, kama taa inayoishiwa betri, na giza likaingia.

"Kasongo! Macho yangu!"

Mumewe alikuja mbio. Aliwasha taa, akaisogeza mpaka Dalila akasikia joto lake kwenye kope, lakini hakuona kitu. Au tuseme, hakuona kitu cha chumbani.

"Naona torshi moya," alinong'ona.

"Wapi?"

"Huko juu. Mu mulima." Alinyoosha kidole kuelekea ukutani, na ukuta ulikuwa hapo, mkono mmoja tu kutoka kwenye uso wake. "Kuko mawe mbili makubwa, yameegemeana. Torshi imetoka katikati yao. Iko inateremuka."

Aliisikia pia. Hatua moja juu ya changarawe, kisha kitu kinaburutwa. Hatua, kuburuta. Hatua, kuburuta. Haikuwa na haraka. Alikaa akiitazama bila kuwa na namna ya kufumba, kwa maana alipofunga kope iliendelea kuwaka palepale, mpaka ilipopepesa mara mbili na kuzimika, na hapo akabaki ndani ya weusi usio na kitu mpaka alfajiri, macho yalipomrudia.

Mganga wa hospitali alimtazama kwa kioo chake kidogo, jicho la kulia, jicho la kushoto. "Mama, macho yako ni mazima kabisa. Umechoka. Punguza kushona."

Usiku wa pili taa ilianza pale ilipoishia jana, ikashuka mpaka kwenye kijito chenye daraja la magogo. Usiku wa tatu ilipita katikati ya mianzi. Dalila hakuwahi kupanda mlima huo maisha yake yote, lakini sasa aliijua njia kwa mapindi yake.

Siku ya nne asubuhi alikuja Twizerimana, mchungaji mrefu mwenye fimbo, anayeteremsha ng'ombe kila mwezi. Alitaka mkanda mpya. Dalila alimpimia, na kwa kuwa usingizi ulikuwa umemhama na moyo umejaa, alimuuliza kama juu kuna mawe mawili yaliyoegemeana.

Twizerimana aliacha kutabasamu. "Mama Dalila, nani alikuambia hapo?"

"Hakuna muntu. Nimeota tu. Halafu kijito na magogo. Halafu mianzi."

"Ndiyo njia yenyewe." Alishusha sauti. "Hapo kwa mawe ndipo kulianguka ndugu yetu Nkusi, bwana ya Béatrice. Mwezi uliopita. Alitoka hapa jioni, amebeba dawa ya mutoto wao. Tulimukuta asubui, muguu umevunjika, mikono yote imechubuka. Alikuwa ametambaa usiku muzima. Akatambaa upande mubaya, mama. Alikuwa anaenda kwa korongo, alifikiri iko anaenda kwa njia."

"Hakukuwa na torshi?"

"Alikuwa nayo mupya. Alinunua kwenu, alikuwa anaiwasha kwa pahali pabaya tu." Alimtazama Kasongo, ambaye alikuwa amegeuka na kupanga boksi zilizokwisha kupangwa. "Lakini hatukuiona. Tulitafuta mu korongo siku mbili. Na mutoto, dawa ilimufikia imechelewa. Tulizika wote wawili juma moja."

Dalila alitazama msumari wa mwisho, karibu na dirisha.

Jioni alijilaza mapema kwenye mkeka, na Kasongo akaketi kando yake. Magharibi ilipotoka macho yalipepesa, yakazima. Taa ikawaka mlimani, chini ya mianzi sasa, na ile hatua ikaanza, na ule mburuto. Kisha Dalila akasikia kitu kidogo cha chuma kikigonga, na akajua kwamba mumewe anafungua na kufunga mkanda wa saa yake ya mkononi.

"Itazimika sasa," Kasongo alinong'ona, kama mtu anayejisemea. "Dakika makumi ine."

Mlimani taa ilipepesa mara mbili. Ikazimika.

Dalila aliinuka akaketi, kipofu, akageuza uso kule ilikotoka pumzi ya mumewe. "Umejuaje?"

"Nini?"

"Minye sijakuambia inawaka dakika ngapi. Sina saa. Siko naona saa. Umejuaje?"

Saa ikaacha kugonga.

"Kasongo. Umejuaje?"

Basi akasema, kidogokidogo, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa. Katoni la taa thelathini lilivuka kutoka Bujumbura. Juu ya boksi palikuwa pameandikwa kwamba inawaka kwa muda wa saa kumi na mbili. Usiku wa kwanza alikesha moja, kama alivyofundishwa na baba yake. Iliwaka dakika arobaini, ikapepesa mara mbili, ikazimika. Alikesha ya pili. Dakika arobaini. Akaona kwamba zote ni za namna moja, akazirudisha ndani ya katoni, akamwita mkewe.

Dalila alikumbuka. "Nikatie nyuzi thelathini," alikuwa amemwambia, na yeye akazikata, zote urefu mmoja, akiimba. Usiku ule chumba chao kilikuwa giza tangu isha mpaka alfajiri, na taa thelathini zinazokeshwa zingekifanya kiwe kama mchana. Aliliona jambo hilo wakati ule. Alilala.

"Nkusi aliuliza?"

"Aliuliza." Kasongo alikuwa akilia sasa. "Alisema, mutoto iko mugonjwa, papa, nitatembea usiku muzima, mumeikesha? Nikageuka kwa mulima. Nikasema wallahi. Nikasema wenye njia wasikie."

"Na walisikia," alisema Dalila.

Asubuhi Kasongo hakutaka kusikia habari ya mtu yeyote. Alipakia nguo ndani ya mfuko, akamchukua mkewe mpaka Makobola, kwenye wilaya ya Fizi huko kusini, kwa kaka yake, akisema kwamba kitu cha mlima huo hakijui njia ya Fizi. Magharibi ilipoingia Dalila alishika mkono wa shemeji yake ili asipige kelele. Taa ilikuwa imewaka, imesimama kidogo kama mtu anayenusa upepo, kisha ikageuka kusini, ikaanza kutembea juu ya ukingo wa mlima sambamba na barabara waliyopita, na safari hii haikuwa na upole, hatua na mburuto vilifuatana haraka haraka kama moyo wa mtu anayekimbia, na kwa dakika arobaini ilikata mwendo ambao gari lao liliukata kwa saa nzima. Kulipokucha walirudi Uvira.

Shangazi Kadija alikuja siku hiyo bila kuitwa. Alikuwa dada wa marehemu Mzee Songoro, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, aliyefundisha Kurani wasichana wa mtaa wote na kuwasomea wagonjwa. Aliitazama ile taa kwenye msumari, akasogea nyuma hatua moja.

"Weye mutoto," alimwambia Kasongo, "ulifanya nini mu duka ya kaka yangu?"

Aliwasha ubani, akaweka bakuli la maji ya ziwa mbele ya Dalila, akasoma. Alisoma alasiri yote. Magharibi macho yalipozimika, Dalila alisikia ubani ukibadilika harufu, ukawa moshi wa samadi, na maziwa yaliyochacha, na udongo uliochimbwa karibuni. Kisha kinywa chake kikafunguka, na aliyesema hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya polepole, isiyo na hasira hata kidogo, na kwa sababu hiyo ilitisha zaidi.

"Nilitajwa," ilisema.

Kadija alishika tasbihi kwa nguvu. "Nani alikutaja? Unataka nini? Ubani? Mbuzi?"

"Mbuzi wenu mle wenyewe. Nilikuwa kwenye mawe yangu, nikasikia muuzaji ananiita niwe shahidi. Nikashuhudia. Yule mwenye ng'ombe akapita mlangoni kwangu na taa yenye uzi, nikamwacha apite, kwa maana taa iliyokeshwa ina amani na mimi. Hajafika mbali, taa ikazima. Akarudi akitafuta njia kwa mikono, akaniangukia. Alilia mpaka alfajiri. Aliita mkewe, akaita mtoto, mwishoni aliita muuzaji. Nimevaa taa yake. Nimevaa mguu wake. Ninashuka."

"Dalila hana kosa," Kasongo alisema kutoka pembeni.

Kichwa cha Dalila kiligeuzwa kumtazama, na yeye mwenyewe hakukigeuza.

"Alikata uzi. Mwezi wa nyuma mwenye ng'ombe alikosa mwanga kwa ajili ya nyumba hii. Nyumba hii itakosa mwanga kwa ajili yake. Lakini mimi ni shahidi, na shahidi anasikiliza pande zote. Muuzaji apande anikute njiani. Avae taa ya katoni lile, asichukue moto mwingine. Aseme mbele ya uso huu: sikuikesha. Dakika arobaini zinatosha kwa neno moja. Akisema, nitarudi kwenye mawe yangu. Nikifika mlangoni kabla hajasema, macho haya ni yangu."

Maji ya bakuli yalitikisika, na harufu ikaondoka.

Kadija alimuuliza Dalila taa imefika wapi, akahesabu kwa vidole. "Zimebaki magharibi mbili," alisema. "Kasongo, ni neno moya tu. Hata mutoto wa shule analisema."

Usiku uliofuata hakwenda. Alisema ana homa. Taa, iliyokuwa imewafuata kurudi Uvira, ilishuka mpaka kwenye mashamba ya mihogo juu ya mji, mahali ambapo Dalila angeweza kuwasikia majogoo wa watu, na ilipozimika alisikia pumzi. Ilikuwa karibu kiasi hicho.

Siku ya mwisho Dalila aliifunga mwenyewe taa ya katoni kwenye kitambaa, akaiweka mkononi mwa mumewe. Jua lilikuwa linaegemea mlima.

"Nitayarudisha macho yako," Kasongo alisema. Alimshika shavu. "Asubui nitakuwa hapa."

"Sema neno. Usianze na maneno mengine matamu. Sema lile tu."

"Nimesikia."

Aliingia dukani kidogo, kwa kile alichosema ni kuchukua kofia, kisha akaondoka. Dalila na Kadija waliketi kizingitini. Watoto wa jirani waliitwa ndani. Adhana ikatoka, na macho yakapepesa, pa, pa, yakazima.

Taa ikawaka.

"Iko wapi?" Kadija aliuliza kwa kunong'ona.

"Kwa mihogo. Imeanza kutembea. Shangazi, naiona mupaka kamba ya kiatu."

Na kwa mara ya kwanza aliona nyingine. Ilitokea chini, nyuma ya nyumba za mwisho, ikipanda. Dalila alifungua mdomo kumshukuru Mungu, kisha akaufunga. Taa za katoni lile zilikuwa na mwanga wa samawati, mwembamba. Hii iliyokuwa inapanda ilikuwa nyeupe, pana, imetulia, ilimulika majani ya mihogo moja moja. Taa kama hiyo ilikuwa moja tu nyumbani mwao: taa ya Mzee Songoro mwenyewe, ya mwisho aliyoikesha kabla ya kufa, iliyokaa ndani ya kisanduku na uzi wake.

Alijitupa ndani, akapapasa chini ya meza, vidole vikagusa kitambaa. Alikifungua. Taa ya katoni ilikuwa humo.

"Shangazi," alisema, "hakuichukua."

Kadija alianza kusoma kwa sauti kubwa, lakini Dalila hakumsikia tena, kwa maana taa mbili zilikuwa zimekutana kwenye njia nyembamba kati ya mihogo, na ile ya juu ikasimama, ikainama kwa adabu kumulika miguu ya aliyekuja, kama wanavyofanya watu wa mlimani wakikutana usiku, nayo ile nyeupe haikuinama, ilibaki imenyooka kwenye uso wa mwenzake, na Dalila akamsikia mumewe, wazi kama yuko chumbani, akisema kwa ile sauti yake ya dukani, tamu, yenye kuchekacheka, "Ndugu yangu Nkusi, wallahi, katoni ilikuja mbovu, minye mwenyewe walinidanganya, ile torshi niliikesha—"

Taa nyeupe ilizimika. Haikupepesa. Ilizimika tu.

Sauti ya polepole ikasema, "Wenye njia wamesikia. Giza la nyumba hii utalibeba wewe," na ile taa ndogo ya samawati ikageuka, ikaanza kupanda ilikotoka, bila mburuto sasa, kwa hatua za mtu mwenye miguu mizima, na nyuma yake, gizani, kitu kikaanza kutembea kwa mguu mmoja na kuburuta wa pili, kikipapasa mawe, kikiita, "Ningoje! Nkusi, ningoje, siko naona!" na sauti hiyo ikapanda, ikapita kwenye mianzi, ikapita kwenye kijito, ikapita kila mahali ambapo Dalila alikuwa amehesabu, na dakika arobaini zikapita na taa haikuzimika.

Macho yake yalirudi kabla ya usiku wa manane. Kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa Kadija uliolowa machozi. Cha pili kilikuwa msumari wa mwisho karibu na dirisha. Taa ya Nkusi haikuwepo. Palikuwa pametundikwa taa ya Mzee Songoro, ina joto, mkanda wake umeshika udongo mwekundu, kijitaa chake ni cha kijani.

Twizerimana na wenzake walitafuta juma zima. Waliokota kofia kwenye shamba la mihogo, basi.

Dalila alivunja taa zilizobaki za katoni kwa nyundo, mbele ya watu, akasema kwa nini. Alituma habari kwa wote walionunua. Na siku ya soko Béatrice aliteremka kutoka juu, mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cheusi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasikiliza yote mpaka mwisho bila kugusa chai.

"Mama Béatrice," Dalila alisema, "najua siko na haki ya kuomba. Mimi nilikata uzi. Lakini weye ukisema umemusamehe, labda watamuachilia."

Béatrice alifikiri. "Torshi ya bwana yangu, sasa inawaka?"

"Inawaka mupaka asubui."

"Na wako anatembea mu giza?"

"Ndiyo."

"Anaburuta muguu?"

"Ndiyo, mama."

Béatrice alisimama, akarekebisha kitenge chake. "Nkusi alitambaa usiku muzima, na mutoto wangu alikufa akiuliza baba iko wapi. Ukimusikia bwana yako, umuambie minye sijachoka." Mlangoni aligeuka. "Chai yako ni nzuri. Asante."

Jioni hiyo Dalila alifunga mlango, akachukua taa mpya iliyoagizwa na mwalimu mmoja wa juu, akaiweka dirishani angoje isha. Alikaa mbele yake na tasbihi ya baba mkwe wake, uzi mweupe umelala kwenye paja, haujakatwa bado. Sasa macho yake yalikuwa mazima, yangeweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano hata kwa mwanga wa mshumaa. Adhana ya magharibi ikatoka.

Mlimani, katikati ya mawe mawili, taa ndogo ikawaka, ikaanza kwenda bila kugeuka nyuma. Hatua kadhaa nyuma yake, hatua, kuburuta, mtu alikuwa anapapasa.

"Nimulikie, ndugu yangu. Nimulikie kidogo tu."

Dalila alifumba macho. Aliendelea kuona.